Mimba ya miaka 42 na vidonge nilivyovificha

Safu ya mwezi uliopita, ile ya kuwapeleka watoto chuo, ilinipatia barua nyingi za kunipongeza na mbili za kunigombeza, na zote nimezipokea. Lakini uliingia pia ujumbe ambao haukuhusu chuo hata kidogo. Dada mmoja aliyeko Uarabuni aliniandikia: "Bibie, nina miaka 41, mtoto wangu wa mwisho ana 11, na siku zangu sijaziona miezi miwili. Nianzie wapi, na nimwambie nani?"

Nilimjibu siku ile ile kwamba aanze na kipimo cha mkojo na kisha aende kwa daktari asikawie. Halafu nikabaki nimeshika simu, maana ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Habari yangu sijawahi kuisimulia hapa. Baba watoto amesema nisimulie. Binti yangu amekubali kwa sharti moja, nisimtaje jina.

Nilikuwa na miaka 42. Binti ana 16, mdogo wake ana 12, na vitanda vya watoto tulishavigawa zamani. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Uingereza, zamu za usiku, kwa hiyo uchovu kwangu haukuwa habari. Siku zilipokatika nilisema, haya, ukomo wa hedhi umeshanifikia, mbona mapema. Nikanunua feni. Miezi miwili ikapita ndipo mwenzangu wa kazini, mama mtu mzima wa hapa hapa, akanitazama nikitapika kwenye sinki akasema, wewe, hebu kapime. Ndiye pia aliyenichekesha siku za baadaye kwa kuniambia kwamba enzi zake, mimba ya mwanamke aliyepita miaka 35 iliandikwa kwenye faili kwa neno lile lile wanalotumia kwa vikongwe wetu wa ghorofa ya pili.

Siku ya kwanza kliniki mkunga aliniuliza maswali kwa muda wa saa nzima. Mimba ya ngapi, zile za kwanza zilikwendaje, nani ana presha kwenu, nani ana sukari. Alipofika kwenye umri na miaka iliyopita tangu nijifungue mara ya mwisho, akasimamisha kalamu. Akanieleza kwamba kuwa na miaka 40 au zaidi ni jambo moja linaloongeza hatari ya presha ya mimba, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kupitisha zaidi ya miaka 10 bila kuzaa ni jambo la pili. Ukiwa na mawili, miongozo ya Uingereza inasema upewe aspirini ya kiwango kidogo kuanzia wiki ya 12 hadi kujifungua. Kwangu ilikuwa miligramu 150 kila usiku, vidonge viwili vya 75. (Walioko Marekani wajue kuwa huko kidonge ni cha miligramu 81, na umri wanauhesabu kuanzia miaka 35.)

Nikarudi nyumbani na vidonge vyangu. Jioni nikampigia Mama, Tanga.

"Aspirini?" Mama alisema. "Mwanangu, si ndiyo hiyo inayotoa mimba?"

"Mkunga ndiye aliyenipa, Mama."

"Mkunga anakujua wewe? Mimi nimekuzaa na wenzio sita sikumeza hata kimoja. Bibi yako alimzaa mjomba wako ana miaka 45. Aliona daktari gani?"

Nimelelewa kutobishana na Mama, na usiku ule sikubishana. Vidonge nikavitia kwenye droo chini ya soksi. Kila nilipokwenda kliniki mkunga akaniuliza kama ninavinywa, nikasema ndiyo. Kumwongopea mkunga ilikuwa rahisi kuliko kumwasi Mama. Hayo ndiyo niliyoyaficha muda wote huu, na ndiyo maana nayaandika leo.

Mama hakuzungumza upuuzi. Kule kwetu kila mwanamke anajua mja mzito hamezi dawa za maumivu ovyo, panadol peke yake, na aspirini ya kiwango kikubwa kweli haishauriwi kwenye ujauzito, hasa miezi ya mwisho. Ila vidonge vile vidogo ni shauri jingine. Kondo la nyuma hujichimbia kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi katika miezi ya mwanzo. Mishipa isipopanuka vizuri, damu hupita kwa shida, na baadaye mwili wa mama huitikia kwa presha, figo zikaanza kupitisha protini, ini nalo likasumbuka. Aspirini kidogo husaidia damu ipite, na inafaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16. Utafiti wa ASPRE, uliotolewa mwaka 2017, ulifanywa kwa wanawake 1,776 waliokuwa kwenye hatari kubwa. Wale waliokunywa miligramu 150 kila usiku walipata presha ya mimba inayolazimisha kuzaa kabla ya wiki ya 37 kwa kiwango pungufu kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hayo yote nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua sauti ya Mama tu.

Kabla sijafika kwenye presha, niseme habari ya maharage. Kwenye wiki ya 12 walipima damu yangu na kupima kwa ultrasaundi maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto. Siku chache baadaye simu ikalia: uwezekano wa mtoto kuwa na hali ya Down ni 1 kwa 110, na hapa chochote kuanzia 1 kwa 150 kwenda juu wanakiita uwezekano mkubwa. Mimi nikasikia "mtoto ana ugonjwa". Nikakaa kwenye ngazi nikalia. Binti yangu akachukua pakiti ya maharage, akahesabu 110 juu ya meza ya jikoni, akalitia moja wino. "Mama, funga macho uokote." Baba watoto akaokota pia. Hata mdogo wake akaokota, mara tano, na wala hakulipata lenye wino. Tukaelewa jinsi 1 kwa 110 ilivyo: si kitu cha kukipuuza, lakini pia si hukumu.

Hesabu yenyewe inapanda na umri wa mama, kwa sababu mayai tunazaliwa nayo na yanazeeka pamoja nasi, na yai lililozeeka hugawa kromosomu zake kwa makosa zaidi. Mama wa miaka 20 ana uwezekano wa 1 kwa 1,500 hivi. Kwenye 30 ni kama 1 kwa 900, kwenye 35 ni 1 kwa 350 hivi, kwenye 40 ni 1 kwa 100, na kwenye 45 ni 1 kwa 30. Makosa hayo hayo ya kromosomu ndiyo yanayofanya mimba nyingi zaidi ziharibike mapema. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 30 ni kama mimba 1 kati ya 10. Akipita 45 ni nusu au zaidi. Shoga yangu mmoja zilimtoka tatu mfululizo baada ya miaka 41, na kila mara mawifi walimtafutia kosa: alibeba ndoo, alipanda ngazi, aligombana na mumewe. Ndoo haina kosa.

Tulipewa njia tatu. Kuacha hapo hapo. Au kipimo cha damu yangu tu kinachotafuta vipande vya DNA vya mtoto, ambacho hospitali za serikali za England zimekuwa zikikitoa kwa akina mama wenye majibu kama yangu tangu mwaka 2021. Au kuchukua kwa sindano maji ya chupa ya uzazi au kipande kidogo cha kondo, ambacho ndicho kinachotoa jibu la uhakika lakini kina hatari ndogo ya kuharibu mimba, chini ya 1 kwa 200. Baba watoto alisema atampenda yeyote atakayekuja, nami nikasema vivyo hivyo, ila mimi ni mtu wa kutaka kujua mapema nijipange. Tukachagua damu. Majibu yakarudi kwamba uwezekano ni mdogo. Sindano tukaiacha. Wenzetu wengine wangechagua vingine na sitawasema, lakini nasisitiza jambo moja: vipimo vyote hivi ni hiari. Mkunga akivitaja kwa haraka kana kwamba ni lazima, mwambie arudie taratibu.

Na kama Kiingereza chako, au Kijerumani au Kiswidi, hakitoshi kwa mazungumzo ya aina hiyo, omba mkalimani. Hapa Uingereza hospitali inatoa bila malipo. Najua mama mmoja aliyeelezewa habari za mimba yake kupitia kijana wake wa miaka 12. Mtoto wa miaka 12 atamtafsiria vipi mama yake kwamba mimba ina kasoro?

Wiki ya 28 nikanywa yale maji ya sukari, gramu 75, wakapima damu kabla na saa mbili baadaye. Kisukari cha ujauzito huwapata zaidi akina mama wenye umri mkubwa na wenye asili ya kwetu, lakini mimi nikapita. Nikaanza kujisifu. Nikampigia Mama, tukacheka.

Wiki ya 33 kichwa kiliniuma siku mbili. Nikasema ni zamu za usiku. Pete ikakataa kutoka kidoleni. Nikasema ni miguu kuvimba kama kawaida, ingawa iliyovimba ilikuwa mikono. Usiku wa pili nikahisi kiungulia cha ajabu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, nikanywa maziwa. Asubuhi nilikuwa nakaanga mayai nikaona vimulimuli mbele ya macho, kama mtu aliyepigwa picha kwa flashi mara nyingi. Binti akageuka akaniangalia.

"Mama, uso wako umekuwaje?"

Yeye ndiye aliyepiga simu wodi ya wazazi, namba iko mbele ya daftari la kliniki. Mimi nilitaka kwanza nimalize mayai. Walimwambia tuje sasa hivi. Kipimo kikasoma 172 kwa 108, na mkojo umejaa protini. Wanaanza kushtuka kuanzia 140 kwa 90. 160 kwa 110 ni dharura, na hata moja ya namba hizo ikitosha peke yake wanakimbia. Wakanipa dawa za kushusha presha, sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na dripu ya magnesi salfeti ya kuzuia kifafa. Ile dawa inaingia na joto linalopanda kuanzia mkononi hadi usoni, nikadhani naungua. Ni dawa ya bei nafuu na hata kwetu inatumika. Utafiti mkubwa wa Magpie, uliotolewa mwaka 2002 na uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu.

Walijaribu kunisogeza. Siku ya tano chembe za kugandisha damu zikaanza kushuka na presha ikakataa kutii. Wakanipasua. Mwanangu alitoka na kilo 1.9, akalia kidogo, wakamkimbiza chumba cha watoto njiti. Nilimwona kesho yake, nikisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Akakaa mle wiki tatu, nami nikikamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kwa mashine iliyokuwa ikipiga kelele kama cherehani.

Siku ya pili baada ya upasuaji nilimwambia daktari ukweli wa droo. Alikuwa kijana, labda wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Hakunigombeza. Alisema aspirini inapunguza hatari lakini haiiondoi, na kuna wanaokunywa kila usiku bila kukosa na bado wanafika pale. Nikamuuliza, je, mimi? Akasema hilo hakuna anayeweza kulijua. Nimelibeba jibu lile tangu siku hiyo. Kuna usiku linanituliza na kuna usiku halinitulizi.

Habari za bibi sasa, maana najua kuna wasomaji watakaoniandikia kuwa mabibi zetu walizaa mpaka 45 na hawakuwa na haya. Kweli walizaa. Kuzaa ukubwani si jambo lililoletwa na Wazungu. Huku kwao ndiko limewastua, hata mwaka 2015 takwimu za England na Wales zikaonyesha kiwango cha uzazi cha walio na miaka 40 na zaidi kimepita kile cha walio chini ya 20, mara ya kwanza tangu 1947. Kwetu kitinda mimba kucheza na mtoto wa dada yake ni kawaida. Lakini nilipotoka hospitali nilimuuliza Mama kwa utaratibu, bibi alizaa wangapi? Akasema tisa. Walioishi? Kimya kirefu kwenye simu. Sita. Na yule dada yake bibi, ambaye jina lake mimi ndiye niliyerithi? Mama akasema, "Yule alifia uzazini. Alianguka kifafa. Walisema ni shetani." Alikuwa na watoto wanane tayari.

Sikuwahi kuambiwa. Na mkunga aliponiuliza siku ya kwanza nani kwenu alipata presha ya mimba, nilijibu hakuna.

Kwa hiyo, dada yangu wa Uarabuni, swali lako la pili, umwambie nani, nalijibu hivi. Mwambie mumeo, mwambie daktari, na wapigie simu wazee wako uwaulize waliozaa kabla yako walikufa kwa nini. Mimba unaweza kuificha majirani kwa kuogopa kijicho, hilo silikatazi, mimi mwenyewe niliificha hadi mwezi wa tano. Ila daktari usimfiche umri, wala idadi ya mimba ulizobeba, zikiwemo zilizotoka, wala dawa unazokunywa, wala zile usizokunywa.

Anza asidi ya foliki leo, mikrogramu 400 kila siku hadi wiki ya 12, au zaidi kama una kisukari, kwa maelekezo ya daktari. Uliza habari ya aspirini mwenyewe kama hukuambiwa. Nunua mashine ya presha ya mkononi, iliyothibitishwa kwa wajawazito. Umeniambia unataka kwenda Mombasa kujifungulia kwa mama: elewa kwamba mashirika mengi ya ndege yanadai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hayakubali kukupakia baada ya wiki ya 36, kwamba safari ya saa nyingi kwa mja mzito aliyepita 35 inaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, basi utembee ndani ya ndege na unywe maji, na kwamba aliyekaa nje miaka mingi kinga yake ya malaria imeshapungua, na mwili wa mja mzito malaria huupenda.

Kwenye wiki ya 39 au 40 wanaweza kukuambia uanzishiwe uchungu. Usifikiri wanataka kukumaliza haraka wakalale. Mtoto kufia tumboni mwishoni mwa mimba ni jambo la nadra, lakini kwa waliofika 40 linatokea kama mara mbili ya walio chini ya 35 kwenye wiki hizo, kiasi cha 2 kwa 1,000 badala ya 1. Na utafiti uliofanywa Uingereza kwa wanawake 619 wa miaka 35 na zaidi, ukatolewa mwaka 2016, haukuona kwamba kuanzishwa wiki ya 39 kunaongeza upasuaji.

Ninyi wa Uingereza nawaongezea hili. Ripoti za MBRRACE-UK za vifo vya wazazi zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba sisi wanawake weusi tunakufa kwa uzazi zaidi ya mara mbili ya weupe, na miaka mingine mara nne au zaidi. Umri mkubwa nao unaongeza. Ukisema unaumwa na mtu akakwambia kapumzike, na moyo wako unakataa, piga simu tena. Rudi tena. Mpeleke mtu mwenye mdomo kama wa binti yangu.

Mwanangu sasa ana miaka miwili na nusu, anapanda makochi na kuyashuka kwa kichwa. Mimi presha haikurudi yote mahali pake. Aliyepata presha ya mimba hatari yake ya maradhi ya moyo na kiharusi baadaye huwa takriban mara mbili, kwa hiyo kila mwaka napimwa damu, na kidonge cha asubuhi nakinywa mbele ya watoto, mezani. Mashine ya presha inakaa juu ya microwave. Mama anapiga simu kila Jumapili baada ya alasiri, na kabla hajauliza habari za mjukuu anauliza, "Leo imesoma ngapi?" Jumapili iliyopita ilisoma 128 kwa 82. Akasema subiri, akatafuta kalamu. Anaziandika nyuma ya kalenda.